Je, mchapuko hasi ni kupungua kwa kasi?

SWALI: Ninafundisha fizikia sekondari. Katika swali la mpira uliorushwa wima kwenda juu, mwanafunzi ameandika: "Mchapuko ni hasi, kwa hiyo mpira unapunguza kasi." Je, sentensi hiyo inakubalika?

JIBU: Sarufi yake haina dosari, tatizo limo katika "kwa hiyo". Tuchukue kwamba mpira umerushwa kwa mita 20 kwa sekunde, na kwamba kimo chake, kwa mita, baada ya sekunde t ni 20t − 5t². Derivati ya kimo hicho, yaani kiwango cha badiliko lake katika kila papo la wakati, ni 20 − 10t, na hiyo ndiyo kasimwelekeo, yaani wepesi wa mwendo pamoja na upande wake. Derivati ya kasimwelekeo nayo ni −10, na huo ndio mchapuko, mita 10 kwa sekunde kwa kila sekunde, ambao haubadiliki tangu mpira uachiwe mpaka uguse ardhi.

Sasa tazama sekunde ya 3. Kimo ni mita 15, kasimwelekeo ni −10, na mpira unashuka ukizidi kwenda mbio, ilhali mchapuko ni uleule hasi. Hata katika sekunde ya 2, mpira unapofika kileleni na kasimwelekeo ikawa sifuri, mchapuko haukomi.

Kinachompotosha mwanafunzi ni lugha ya kila siku. Anayeambiwa "chapua mwendo" huelewa kwamba aongeze mbio, hivyo "mchapuko hasi" humjia kama kinyume cha hilo. Katika hesabu, alama ya kutoa huonyesha upande tu, ambao hapa ni chini kwa kuwa tuliamua juu kuwa chanya. Kinachopungua au kuongezeka katika usemi wa kawaida ni mwendokasi, usio na upande (neno ambalo, kwa wakazi wa Dar es Salaam, siku hizi hutaja basi kabla ya kipimo). Nao hupungua pale tu kasimwelekeo na mchapuko vinapokuwa na alama zinazotofautiana.

Kwa sababu hiyo ningeepuka "kasi" peke yake katika majibu ya mtihani, kwani haisemi kama kinachokusudiwa ni kasimwelekeo au mwendokasi. Mwanafunzi angeandika: "Mpira unapopanda, kasimwelekeo ni chanya na mchapuko ni hasi, kwa hiyo mwendokasi unapungua; mpira unaposhuka, vyote viwili ni hasi, kwa hiyo mwendokasi unaongezeka."