Insulini ya mama na barafu ya safari

SWALI: Shikamoo bibi. Mama yangu ana kisukari, na mwezi ujao anapanda ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Muscat kumwona dada. Jirani anasema barafu hairuhusiwi kabisa mkononi, kwa hiyo insulini iende kwenye sanduku pamoja na barafu yake. Ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakuomba sana, insulini isiende kwenye sanduku. Sanduku linaweza kuachwa Dar, mama akafika Muscat bila dawa. Tena kule chini kwenye mizigo baridi inaweza kuigandisha, na insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka ukaiona iko sawasawa. Aibebe mkononi kwenye boksi lake lenye lebo, pamoja na sindano na barua ya daktari yenye jina lile lile lililo kwenye pasipoti.

Sasa barafu. Viwanja vingi vinafuata kipimo cha mililita 100 kwa kila chupa ya kimiminika. Barafu iliyoganda kama jiwe kuna mahali inapita, Marekani kwa mfano. Ikianza kuyeyuka, hayo ni maji. Nilipokuwa kazini uwanjani nimeona mara nyingi: mkaguzi anainua mfuko, anautikisa, akiona maji yanacheza chini, unakwenda pipani. Vya kupozea dawa kwa kawaida huruhusiwa, ila mama aseme mwenyewe kabla begi halijaingia kwenye mashine.

Njia ninayoipenda mimi: abebe chupa ya chai tupu. Akishavuka ukaguzi, aombe vipande vya barafu mgahawani. Dawa aizungushie kitambaa kizito isigusane na barafu. Na ile anayoitumia sasa, iliyokwisha kufunguliwa, aina nyingi hukaa takribani wiki 4 nje ya friji mradi joto lisizidi nyuzi 30. Joto likiwa chini ya hapo, hiyo haihitaji barafu, inahitaji kivuli tu. Someni karatasi iliyomo ndani ya boksi, maana aina zinatofautiana.

SWALI: Nataka kumpelekea mkwe kamba wabichi kwa ndege. Nimeambiwa nitumie barafu kavu.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Inaruhusiwa, lakini piga simu shirika la ndege kwanza, bila idhini yao hupandi nayo. Kikomo ni kilo 2.5 kwa abiria. Barafu kavu ni kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, baridi yake ni karibu nyuzi 78 chini ya sifuri, na haiyeyuki kuwa maji, inageuka hewa. Boksi ukiliziba kabisa hewa hiyo itajaa mpaka lipasuke, basi acha upenyo, na uandike juu kilichomo na uzito wake. Usiishike kwa mkono mtupu, inaunguza. Kama safari ni ya saa moja, wagandishe kamba usiku kucha, uwafunge kwa magazeti ndani ya boksi la kupozea lisilovuja.