Jibu: Kupunguza umeme na maji dahalia

Mdogo wangu, umeuliza muanzie wapi kupunguza matumizi ya umeme na maji hapo dahalia (bwenini), Tunguu. Anzeni na mifereji, yaani mabomba ya maji. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde hupoteza lita kadhaa za maji kwa siku, na maji hayo yamepandishwa tangini kwa pampu ya umeme! Raba ya ndani ni bei ndogo, mwombeni fundi aibadilishe.

Viyoyozi wekeni nyuzi 25, si 18, na chujio lioshwe. Niliwahi kufungua moja, vumbi limeganda kama blanketi.

Umeme wetu Unguja unavuka bahari kwa waya kutoka Bara. Sisi tuliokaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, hatuuchezei.