At, in au on? Maswali yenu kuhusu vihusishi vya Kiingereza

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu vineno vidogo vya Kiingereza vinavyowatesa hata watu waliokwisha kukisoma miaka mingi. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na marefu nimeyafupisha.

Shikamoo mwalimu. Kwa Kiswahili nikisema "nipo mezani" au "nipo kituoni" nimemaliza. Kiingereza kinataka nichague at, in au on, na kila mara nabahatisha. Nitajuaje?

Marahaba. Tatizo lako limeanzia kwenye -ni yetu, ambayo peke yake inafanya kazi ya vihusishi vitatu. Tukisema "kitabu kipo mezani" na "wageni wapo mezani" tunaelewana, maana hakuna atakayedhani wageni wamepanda juu ya meza. Kiingereza hakimwachii msikilizaji akisie. Kitabu kipo on the table, wageni wapo at the table.

Kwa hiyo usianze na kihusishi. Anza kwa kujiuliza wewe mwenyewe unapaonaje mahali hapo. Kama unaona uso ambao kitu kimeugusa, tumia on: picha ipo on the wall, na hata nzi aliyening'inia kichwa chini darini yupo on the ceiling, maana kinachotazamwa ni kugusa, si kuwa juu. Kama unaona ndani, yaani kitu kimezingirwa, tumia in: in the drawer, in the room. Kama unapaona kama nukta tu ya kukutania, wala hujali ni ndani au nje, tumia at: at the bus stop, at the door.

Ndiyo maana jengo lilelile hukubali viwili. Mwambie mwenzako "Meet me at the bank", naye anaweza kukungoja nje kwenye ngazi na asiwe amekosea. Mwambie "Meet me in the bank", atakutafuta ndani. Neno corner nalo ni vivyo hivyo. Mtoto aliyesimamishwa kwenye pembe ya chumba yupo in the corner, kwa sababu kuta zimemzunguka, lakini duka lililopo barabara mbili zinapokutana lipo on the corner au at the corner.

Sitakudanganya kwamba hesabu hii inafunga kila mara. At home na in bed yakariri tu jinsi yalivyo.

Na kwa wakati je?

Hapo pana nafuu. Saa huchukua at (at six o'clock), siku na tarehe huchukua on (on Monday, on 5 May), na kipindi kirefu zaidi ya siku huchukua in (in March, in 2019). Sehemu za siku ni in the morning, in the evening, ila usiku ni at night. Ukitaja siku pamoja na sehemu yake, siku ndiyo inayoshinda: on Monday morning.

Kosa ninalolisahihisha zaidi ni kutia kihusishi pasipotakiwa. Mbele ya last, next, this na every hakiwekwi kitu. Si "on last Monday" wala "in next week". Andika last Monday, next week, basi.

Mkuu wangu wa kazi amenirudishia barua akiwa amekata maneno matatu: about kwenye "discuss about", on kwenye "emphasize on", na for kwenye "we request for". Amenionea?

Hajakuonea. Ila makosa yetu ya vihusishi yana asili mbili, na ukizijua utajikamata mwenyewe kabla hajakukamata yeye.

Ya kwanza imo ndani ya Kiingereza chenyewe. Nomino na kitenzi chake mara nyingi hazifuati njia moja. Nomino hutaka kihusishi: a discussion about the budget, an emphasis on quality, a request for leave, an answer to your question, a lack of water. Kitenzi hakitaki: discuss the budget, emphasize quality, request leave, answer your question, lack water. Wewe umechukua kihusishi cha nomino ukakivisha kitenzi. Sikio linakubali kwa sababu limeshazoea kuyasikia maneno hayo yakiwa pamoja.

Ya pili ni Kiswahili chetu, na hii ndiyo inayonivutia zaidi. Kitenzi cha Kiswahili humeza kihusishi. Tazama kauli ya kutendea: andika ukiigeuza andikia, tayari umeshasema write to, kimbia ikawa kimbilia, umesema run to. Kiambishi cha mtendwa nacho huingia katikati bila kuomba ruhusa: ninakusubiri, nakusikiliza, ananitazama. Mtu akihamisha hayo kwenda Kiingereza kama yalivyo, anatoa "I am waiting you" na "listen me". Kiingereza kinataka wait for you, listen to me, look at me, depend on me. "Nieleze" ndiyo inayozaa "explain me", badala ya explain it to me.

Kwa hiyo tunakosea pande zote mbili. Pasipotakiwa kihusishi tunakitia, panapotakiwa tunakiacha. Dawa ninayoiamini ni kutokariri kitenzi kikiwa peke yake. Kwenye daftari lako usiandike "wait = subiri". Andika wait for somebody, discuss something, explain something to somebody, na uyasome kwa sauti kama neno moja. Orodha za kanuni za vihusishi zinachosha, na mtihani unapofika huwa zimeshasahaulika.

Nimeambiwa ripoti ifike "by Friday". Je, Ijumaa imo?

Imo. By Friday maana yake isipite Ijumaa. Ukipeleka Jumatano hujavunja kitu. La saa ngapi Ijumaa, muulize aliyekutuma, maana by haisemi.

Usichanganye na until. Until ni ya jambo linaloendelea mpaka wakati fulani ndipo likome. "I'll be here until five" ni mtu aliyekwisha kufika na ataondoka saa kumi na moja. "I'll be here by five" ni mtu ambaye bado hajafika. Sisi tunatumia "hadi" na "mpaka" kwa yote mawili, ndiyo maana mtu anaandika "Send it until Friday", na anayesoma anabaki kujiuliza kama atume kila siku hadi Ijumaa.

Kwa nini in a car lakini on a bus?

Kanuni ya mkato: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake huchukua on, yaani basi, treni, meli, ndege. Gari dogo na teksi unajipenyeza na kukaa, kwa hiyo in. Baiskeli, pikipiki na farasi unakaa juu yake, kwa hiyo on. Ukitaja namna ya usafiri tu bila kuonyesha chombo fulani, tumia by na uondoe the: by bus, by train. Kwa miguu ni on foot.

Nimeona "I look forward to seeing you". Nilifundishwa kwamba baada ya to kitenzi hakibadiliki. Nani mkweli?

To zipo mbili, zinafanana sura tu. Moja ni alama ya kitenzi, kama kwenye I want to see you. Nyingine ni kihusishi kamili, na baada ya kihusishi kitenzi huvaa -ing. Kuzitofautisha, weka it mahali pa kitenzi. "I look forward to it" inakubali, basi hiyo ni kihusishi, andika seeing. "I want to it" haisemeki, basi andika see. Jaribu hilohilo kwenye I am used to, yaani nimezoea: "I am used to it" inakubali, kwa hiyo I am used to waking early. Ila I used to wake early, bila am, ni habari nyingine: zamani nilikuwa naamka mapema.

Kuna tofauti kati ya "throw the ball to him" na "throw the ball at him"?

Kubwa. To, unampa adake. At, unamlenga umpige. Shout ni hivyohivyo: shout to ni kupaza sauti ili aliye mbali asikie, shout at ni kumfokea. Angalia usiandike kwenye barua ya maombi ya kazi kwamba ulikuwa ukiwa-shout at wateja.

Ni kosa kumaliza sentensi kwa kihusishi?

Hapana. "What are you looking at?" ni Kiingereza safi, na "At what are you looking?" inasikika kama hotuba ya hakimu. Katazo hilo ni la zamani. Mwaka 1672 mshairi John Dryden wa Uingereza alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa kumaliza sentensi kwa kihusishi, kisha akarudi kusahihisha hata maandishi yake mwenyewe. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa askofu, aliandika kwenye kitabu chake cha sarufi kwamba mtindo huo unafaa kwenye mazungumzo na maandishi ya kawaida, ila kwenye maandishi mazito kihusishi kikitangulia ndiyo inapendeza zaidi. Lowth hakukataza, waliokuja baadaye ndio waliogeuza kuwa amri. Kwenye barua rasmi kitangulize kama sentensi inabaki laini, vinginevyo kiache mwishoni.

Married to au married with?

To. With children ni sawa: married with two children, ameoa au ameolewa na ana watoto wawili.

Different from, different than au different to?

Zote utazisikia. Than inatumika sana Marekani, to inasikika Uingereza, hasa kwenye mazungumzo. From inakubalika kote, kwa hiyo kwenye mtihani andika from.