Kuunga maiki za XLR kwenye rekoda ndogo yenye tundu la stirio: usigawe pini 2 na 3 kushoto na kulia

Mkuu umeuliza una maiki mbili za XLR (zile za plagi nene ya duara) na rekoda ya mkononi yenye tundu moja tu la stirio la 3.5 mm, waya uungweje, na kuna mchangiaji hapo juu kakujibu kwamba XLR ina pini tatu na plagi ina sehemu tatu so unaunga tatu kwa tatu basi. Naomba sana usifanye hivyo. Mimi narekodi mahojiano na kwaya, waya zangu nyingi nazilehemu mwenyewe, na hili ndilo kosa linaloharibu rekodi za watu kimyakimya kuliko mengine yote ninayokutana nayo.

Hizo tatu na tatu zimelingana kwa idadi tu, kazi zake ni tofauti kabisa. Kwenye XLR pini 1 ni eathi, ndiyo inayoshika ule wavu wa nje wa waya, pini 2 ni sauti, na pini 3 ni sauti ileile ila imepinduliwa, yani 2 ikipanda 3 inashuka. Sauti moja, waya mbili. Kwenye plagi ya stirio ncha ni kushoto, pete ni kulia, na kile kipande kirefu cha nyuma ni eathi ya wote wawili. Hapo ni sauti mbili na eathi moja. Rekoda ya tundu dogo haina habari na mambo ya balansi, yani huo mtindo wa XLR wa sauti moja kupita waya mbili zilizo kinyume, chochote kitakachofika kwenye ncha itakiandika kushoto na chochote cha kwenye pete itakiandika kulia.

Sasa ukipeleka 2 kwenye ncha na 3 kwenye pete itarekodi, mita zitacheza pande zote mbili, utaona kazi imekubali. Kuna jamaa aliniletea mahojiano marefu yamerekodiwa hivyo, kwenye hedifoni mtu anasikika lakini sauti haikai katikati, inakuwa kama inatokea pembeni mwa kichwa na imepungua uzito, yeye akadhani ni chumba. Alipoicheza kwenye simu yenye spika moja maneno yakapotea, kilichobaki ni ule mlio mwembamba wa shhh wa rekoda yenyewe. Ni kwa sababu spika moja inajumlisha kushoto na kulia, na ukijumlisha kitu na kinyume chake unapata sifuri. Redio nyingi ndogo na spika za matangazo ni mono, kwahiyo msikilizaji wako wa mwisho ndiye anayeumia wakati wewe mwenye hedifoni hujui.

Kama kuna mtu anasoma hapa na tayari ana faili la namna hiyo, asilifute, linaokoka. Tenganisha chaneli, pindua moja tu, kwenye programu ya Audacity kazi hiyo inaitwa Invert, alafu changanya zote ziwe mono. Sauti inarudi nzima, tena mvumo wa umeme ulioingia sawasawa kwenye waya zote mbili ndio unaofutika, maana hapo umefanya kwa kompyuta kile ambacho ingizo la balansi lingefanya. Wapo wanaotumia njia hii makusudi na maiki moja, mi sina ugomvi nao ilimradi wanajua wanachofanya na wanakumbuka kupindua kabla ya kumkabidhi mtu faili.

Haya, jinsi ya kuunga maiki zako mbili. Maiki ya kwanza pini 2 inaenda kwenye ncha. Maiki ya pili pini 2 inaenda kwenye pete. Pini 1 na pini 3 za zote mbili, yani waya nne, zinakutana kwenye kile kipande kirefu cha nyuma. Kama siku nyingine una maiki moja tu na unataka isikike pande zote, pini 2 yake inaenda kwenye ncha na pete kwa pamoja, 1 na 3 nyuma kama kawaida. Usiache pini 3 inaning'inia, kwa maiki ya dainamiki (ile ya koili na sumaku, isiyohitaji umeme) koili imefungwa kati ya 2 na 3, ukiacha 3 wazi mzunguko haujafunga na utapata sauti nyembamba ya mbali yenye mvumo mwingi.

Sehemu ya kuunganishia 1 na 3 nayo ina maana yake. Wengi wanaziunga kule kwenye XLR kwa sababu kuna nafasi, lakini mimi naziunga upande wa plagi ndogo hata kama ni kubanana, maana hivyo zile waya mbili za ndani zinasafiri zimesokotana njia nzima na ule wavu wa nje unabaki kuwa ngao tu, haubebi sauti mpaka mwisho kabisa. Unahitaji waya wenye nyuzi mbili ndani na wavu nje, ule wa uzi mmoja haufai kwa hili. Adapta yenyewe, yani huu waya unaolehemu, fanya fupi, umbali ukiongezeka ongezea waya wa kawaida wa XLR.

Namba za pini zimeandikwa kwenye plastiki ya XLR pembeni ya kila pini, zifuate hizo hizo, usikariri kushoto kulia kwa sababu ukiitazama kwa mbele na kwa nyuma inageuka. Plagi za 3.5 mm plastiki yake inayeyuka haraka, paka risasi ya kulehemu kwenye waya kwanza, paka kwenye plagi, alafu gusanisha kwa sekunde moja mbili toa. Na ingiza kifuniko kwenye waya KABLA ya kulehemu. Ukimaliza pima na multimita kila njia, pima pia kwamba ncha na pete hazijagusana na eathi, na upime maiki zikiwa zimechomolewa, hasa kama unayo ya riboni (ile yenye utepe mwembamba wa chuma ndani), ule umeme kidogo wa multimita haufai kupita humo.

Kuna jambo la umeme ambalo hujauliza ila litakukuta. Rekoda nyingi za tundu dogo zinatoa volti chache kwenye ncha na pete kwa ajili ya maiki ndogo za kubana kwenye nguo. Maiki ya dainamiki haiuhitaji, na ukiunga jinsi nilivyosema ule umeme utapita kwenye koili. Ni mdogo, kawaida haiui maiki ya dainamiki, lakini unaisukuma koili itoke mahali pake na haina faida yoyote, kwahiyo ingia kwenye menyu uuzime. Riboni usichomeke kabisa kabla hujauzima. Kama rekoda yako haina sehemu ya kuzima weka kapasita (inazuia umeme huo na kupitisha sauti) ya mikrofaradi 10 kwenye kila njia ya pini 2, upande wa chanya uelekee rekoda. Thamani hiyo inatosha, ingizo likiwa na kilo-omu 5 inaanza kukata chini ya hetzi 3 hivi, hakuna sauti ya mtu huko.

Usichanganye umeme huo na fantomu, yani umeme unaopelekwa kwenye maiki kupitia waya wa XLR. Fantomu ya kawaida ni volti 48, inapita pini 2 na 3 kwa pamoja dhidi ya pini 1, na tundu la 3.5 mm haliwezi kuitoa. Kama maiki zako ni kondensa zinazotaka fantomu, waya peke yake hautakusaidia hata uulehemu vizuri namna gani, unahitaji kiboksi cha fantomu katikati, maiki inaingia huko kwa XLR ya kawaida na adapta yako inakaa upande wa kutokea.

Kuhusu mvumo usiogope sana kwamba umepoteza balansi. Rekoda inayotumia betri haijaunganishwa na eathi nyingine yoyote, ikiwa peke yake na maiki zake inatulia vizuri hata kwa waya wa wastani. Mvumo unakuja ukichomeka chaja, au ukiiunga na kompyuta huku unarekodi. Betri zijae kabla, chaja ibaki kwenye begi. Ukumbi wenye dima za taa au nyaya nyingi za umeme sakafuni hapo ndio ningetumia transfoma ndogo ya maiki kwa kila njia, balansi inarudi kweli, lakini umeme wa rekoda uwe umezimwa au umezibwa na kapasita maana ukipita kwenye transfoma sauti inakwaruza.

Mwisho umegusia kuchukua sauti kutoka kwenye miksa. Hiyo ni habari nyingine, miksa inatoa karibu volti 1.2 kwa kiwango chake cha kawaida na maiki inatoa milivolti chache tu, ukichomeka moja kwa moja kwenye ingizo la maiki sauti inapasuka hata ukishusha geni (kiwango cha kukuza sauti inayoingia). Kama menyu ya rekoda ina chaguo la laini (line, la vifaa vyenye sauti kubwa kama miksa) tumia hilo. Kama haina weka rezista ya kilo-omu 10 kutoka pini 2 hadi ncha, alafu ya omu 100 kati ya ncha na eathi, inashusha desibeli 40, na ufanye hivyohivyo kwa pete. Kwenye miksa za kisasa zisizo na transfoma pini 3 iache wazi, kuishorti na eathi kunalazimisha saketi ya kutolea ifanye kazi isiyotakiwa. Miksa yenye transfoma ndiyo inayotaka 3 iungwe na 1. Ukinipa modeli ya rekoda na ya miksa ntakuchorea.