Alama za mashine ya muhogo

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza shule zetu zianze na nini ili ziwe tayari kwa elimu ya kesho: kompyuta, mtaala au walimu. Swali lenu limenigusa pabaya, na jibu langu litapita pembeni kidogo. Mimi ninachotaka kujua ni nani anayetoa alama, na anatoa kwa kutazama nini. Leteni kompyuta, badilisheni mtaala, mpelekeni kila mwalimu akasome digrii. Mwisho wa yote kuna mtu ameshika kalamu nyekundu, na wazazi wote wa nchi hii tunamtazama yeye.

Mimi ni fundi wa vyuma hapa Busia, upande wa Uganda. Shule ndizo zinanilisha. Kabla ya muhula wa kwanza natengeneza masanduku ya watoto wa bodingi, kisha vitanda vya ghorofa, na kati ya hapo mageti. Walimu wakuu nawajua kwa majina na kwa madeni. Ila tangu mtaala mpya uanze nimepata wateja ambao sikuwatarajia, nao ni wanafunzi wenyewe.

Niseme kwanza nilikosimama. Miaka mingi nimekuwa nikiutukana mtihani. Nani hapa hajaona mtoto wa P7, darasa la mwisho la msingi, barabarani saa kumi na moja alfajiri, begi mgongoni, anawahi masomo ya ziada? Matokeo yakitoka, mwenye agrigeti 4, ambayo ndiyo bora kuliko zote, anabebwa mabegani na picha yake inatoka gazetini. Aliyepata 30 anaambiwa, basi nenda kwa yule fundi ukajifunze kuchomelea. Yaani karakana yangu ndiyo adhabu! Naletewa mtoto kwa sababu "hesabu zimemshinda", halafu kesho yake namtaka apime pembe za geti zikutane.

Na si kwamba hatukuambiwa mapema. Tume ya elimu ya Profesa Senteza Kajubi ilitoa ripoti mwaka 1989, Waraka Mweupe wa serikali ukafuata mwaka 1992, na humo mote mlikuwa na wito kwamba mtoto atoke shuleni akijua kazi ya mikono. UPE, elimu ya msingi kwa wote, ikaanza mwaka 1997, watoto wakajaa madarasani, jambo jema, lakini kazi ya mikono ikabaki kwenye makaratasi. Mwaka 2021 ikateuliwa tume nyingine, ya Amanya Mushega. Hiyo elimu ya kesho ina umri mkubwa kuliko watoto wangu.

Kwa hiyo mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza na S1, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, Februari 2020, nilishangilia. Binti yangu alikuwa kwenye kundi hilo la kwanza. Wakasoma wiki chache tu, Machi shule zikafungwa kwa korona, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hayo mnayajua. La muhimu kwangu ni kwamba mtaala ule ulisema alama 20 katika kila 100 zitoke shuleni, kwa kazi anazofanya mwanafunzi mwaka hadi mwaka, na 80 zibaki kwa karatasi ya UNEB, baraza la mitihani la taifa. Divisheni zikaondoka, zikaja herufi, A mpaka E. Nikasema, angalau sasa mikono imepata chochote.

Sasa niwaelezeni mashine ya muhogo.

Walikuja Ijumaa jioni, wanafunzi watano wa S3 kutoka shule moja ya kutwa ya serikali. Wavulana watatu, wasichana wawili. Kiongozi wao akaanza kwa heshima zote: "Mzee, tunaomba ututengenezee mashine ya kukatia muhogo. Tumechanga." Akanionyesha pesa. Pesa yenyewe ilikuwa ya vijiti vya kuchomelea tu, chuma kingetoka kwa nani? Akanionyesha na mchoro, mzuri kwa macho, wenye injini ya pikipiki pembeni.

Nikawauliza nani kati yao hukata muhogo nyumbani. Wavulana wakatazamana. Msichana mmoja, ambaye mpaka hapo hakuwa amefungua mdomo, akasema, "Mimi. Kila siku kabla ya kuja shule." Nikamwambia mwenye mchoro ampe yeye daftari.

Ningependa wale wanaoandika mitaala ya nchi pale Kyambogo, Kampala, wangekuwepo jioni ile. Yule binti alieleza kwamba kipande kikiwa kinene, mvua za mwaka zikikaribia kinaota ukungu ndani kabla hakijakauka, na unga wake unakuwa na harufu. Kikiwa chembamba mno, kinavunjikavunjika juu ya turubai, na nusu yake inaliwa na kuku. Akaulizwa, unataka unene gani? Akachukua sarafu mbili za shilingi 500 kwenye ule mchango wao, akazibananisha, akasema, "Huu." Hapo ndipo mradi ulipoanza. Injini ya pikipiki ikafutwa kwenye mchoro, kwa sababu mama yake hana pesa ya petroli, na kwa sababu nilimwambia yule mvulana kwamba injini haitofautishi muhogo na kidole.

Chuma nikawatafutia kwenye vyakavu: kranki na pedeli ya baiskeli, beringi mbili, fremu ya kitanda kilichokataliwa na shule moja kwa sababu ya bei. Sahani ya kukatia ndiyo ilitusumbua. Bamba la kawaida linashika kutu, na binti alisema muhogo ukigusana na kutu unageuka rangi, sokoni haununuliwi. Kesho yake akaja na mfuniko wa sufuria ya stili. (Kama mama yake aliruhusu, mimi sikuuliza.) Wakachora matundu kwa chaki, wakatoboa kwa tindo na nyundo, wakainua mdomo wa kila tundu mpaka sarafu mbili zipite chini yake. Kutoboa walitoboa wenyewe. Kuchomelea nilichomelea mimi, maana miwani ninayo moja na macho ya watoto wa watu siyachezei.

Jaribio la kwanza lilikuwa vituko. Mfuniko ni mwembamba, ukizunguka unayumba, na muhogo badala ya kushuka kwenye karai ulirushwa hadi kwenye kibanda cha pesa za simu cha jirani. Mama wa kibandani akatoka na kipande mkononi akiuliza kama tumeanza vita. Wakabishana. Mmoja akataka waongeze uzito kwenye mpini, mwingine akataka mfuniko mwingine. Waliisumbukia jioni mbili. Mwishowe yule mpenda pikipiki, namsifu, ndiye aliyesema waweke bamba nene nyuma ya mfuniko, lililotobolewa mapana zaidi, ili stili ikate na bamba libebe. Ikatulia. Kisha binti akataka mdomo wa kuingizia muhogo uwe mrefu kama mkono wa mtu kutoka kiganja hadi kiwiko, ili mdogo wake akiingiza mkono asifike kwenye sahani. Wenzake wakalalamika kwamba utaonekana kama bomba la moshi. Ukawekwa hivyo hivyo.

Mwalimu wao alipita mara moja, Madamu wa Kiswahili. Alikabidhiwa miradi kwa kuwa mwalimu wa fizikia anafundisha shule mbili na hapatikani. Alikaa juu ya pipa langu la oili, akawauliza watoto wake maswali, akaandika kila kitu. Mnakumbuka mwaka 2022, mwalimu wa sayansi mwenye digrii alipopandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4, na wa masomo ya sanaa, kama lugha, akaachwa mbali chini? Madamu ni wa hao walioachwa. Nauli ya boda kuja kwangu alijilipia.

Mashine haikupakwa rangi. Pesa ziliisha.

Muhula huo huo akaja mzazi mmoja na gari, mwanawe anasoma bodingi ya kulipia. Alikuwa na picha kwenye simu, mashine ya muhogo pia. Alitaka ikamilike kabla ya Jumapili, ipendeze. Kijana mwenyewe alibaki garini na simu yake, hakushuka hata kuuliza mpini unazungukia upande gani. Niliitengeneza. Nilijua makosa yote kwa sababu wale watano walishayafanya mbele yangu, kwa hiyo ilitoka safi, ya kijani na mistari ya njano, mdomo wake mfupi, umepinda vizuri. Nikalipwa vizuri, na sehemu ya ada ya binti yangu ilitoka humo. Mteja akija na pesa halali simuulizi daftari la mwanawe.

Wale watano walipata alama za wastani. Shuleni ziliandikwa sababu: umaliziaji hafifu, mdomo wa mashine mrefu kupita kiasi. Kijana wa garini, kwa maneno ya baba yake alipokuja kuagiza geti, alipata karibu zote.

Mhariri, hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kugeuka, na hata sasa nikiandika hakijatulia. Nilidhani tatizo ni karatasi ya mtihani. Sasa naona hizi alama 20 zimefungua duka. Jirani yangu mwenye kibanda cha kuchapa anazo ripoti za miradi tayari kwenye kompyuta: sabuni ya maji, makaa ya takataka, mifagio. Mtoto anafika, jina linabadilishwa, ripoti inatoka, kwa bei ya chapati chache. Siku hizi hata hahitaji kuwa na ripoti tayari, anaiambia simu yake iandike, nayo inaandika Kiingereza kizuri kuliko cha mwalimu. Mkitaka kompyuta mashuleni, kompyuta ndiyo hiyo, imeshafika. Ukivuka mpaka, wazazi wa Busia ya Kenya wana kilio hicho hicho na CBC, mtaala wao wa umilisi, wananunua sokoni kitu ambacho mtoto aliagizwa akitengeneze.

Halafu nikamfikiria binti yangu. Alifanya UCE, mtihani wa mwisho wa sekondari ya chini, mwaka 2024, wa kwanza wa mtaala huu, kutoka shule isiyo na maabara ya maana. Kwenye zile 80, aliyemsahihisha hakujua baba yake ni fundi au ni waziri, hakujua kama shule ina vigae au bati linalovuja. Aliona namba na maandishi. Mtihani ule ule niliotukana miaka yote ndio pekee uliomtazama bila kuangalia gari limeegeshwa wapi. Naandika haya na mkono wangu unasita, lakini ndivyo ninavyoona leo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba miradi ibaki, tena iongezwe, lakini alama zake ziondolewe. UNEB ibaki na 100 zake. Watoto waje karakana, waende kwa fundi cherehani, kwa mfuga kuku, waharibu mfuniko wa mama, na Madamu akae juu ya pipa aulize maswali, bila mtu yeyote kuhitaji kupaka rangi ya kijani.

Najua mtakavyonijibu. Kwanza, ukiondoa alama, hakuna hedimasta atakayeruhusu mtoto atoke darasani hata saa moja, kwa sababu kinachopimwa ndicho kinachofundishwa. Ni kweli, na sina dawa yake. Pili, karatasi ya UNEB nayo haina haki kamili, maana mtoto ambaye hajawahi kushika bureti ya maabara anaulizwa sawa na aliyeishika kila wiki. Kweli tena. Tatu, mnaweza kusema nimeona shule mbili tu na nahukumu nchi nzima. Yawezekana Gulu au Mbarara mambo ni mengine, na huko wako walimu wanaozitoa alama zile kwa haki. Madamu yule, kama angeachiwa yeye peke yake, angezitoa kwa haki, lakini walioamua walikaa kama jopo, na jopo liliangalia rangi.

Labda basi kuna njia ya katikati. Kama wizara itaziacha zile 20, UNEB imtume mtu atembee. Asisome ripoti. Achague watoto wachache kila shule bila kutangaza, asimame nao mbele ya kitu walichotengeneza, aulize swali moja tu: kwa nini mdomo huu ni mrefu hivi? Aliyekata muhogo atajibu kabla swali halijaisha. Kutoka Kampala hadi hapa ni kama kilomita 200, basi zipo tangu asubuhi. Atakuta mashine ya wale watano bado inazunguka nyumbani kwa yule binti, na majirani wanaiazima. Ya kijani ilirudishwa kwangu likizo iliyofuata, kranki imelegea, na mzazi akauliza kama naweza kuinunua kama chuma chakavu. Nilimpa bei ya chakavu.

Fundi wa vyuma, Busia