Zulia la Kiajemi: ligeuze kwanza, bei baadaye

Nimeachiwa zulia na marehemu bibi, ntajuaje ni la mkono au la mashine?
Pole kwa msiba. Ligeuze tu, ua unaloliona juu ulione na mgongoni, wazi vilevile, na vifundo haviko sawasawa, kimoja kinono kingine chembamba, huo ndo mkono wa mtu. Shika na matamvua: la mkono yale ni ncha za nyuzi za mtande zenyewe, zile za urefu zinazobeba mafundo, zimepita ndani ya zulia zima, sasa ukikuta yameshonewa tu pembeni hilo shaka sana.

Muuzaji hapa Maskati anasema mafundo mengi ndo bei, kweli?
Nusu kweli. Tabriz, mji wa Iran, wanahesabu kwa raji, yaani mafundo kwenye upana wa sentimita 7 hivi, la raji 50 ni laini kuliko la 30 na linakula muda zaidi, na ya hariri ya Qom, mji mwingine wa huko, ndo usiseme. Lakini ya Heriz, nako ni Iran, mafundo yake manene, machache, na watu wanayagombania kwa mchoro wake na sufu yake ngumu, kwa hiyo usilipime la Heriz kwa mizani ya Qom, utalionea bure. Muulize pia kuhusu jufti, pale mfumaji anafunga fundo moja kwenye nyuzi za mtande nne badala ya mbili ili amalize haraka, zulia kama hilo linachakaa upesi.

Na rangi je?
Hapa mi ndo naangalia sana. Tenganisha manyoya kwa vidole mpaka chini kabisa, ukikuta chini pinki kali na juu kijivu, hiyo ni rangi ya kiwandani ya zamani imepauka. Nyekundu ya mizizi ya mmea wa runasi na bluu ya nili zinafifia taratibu, kwa upole. Mistari ya bluu iliyokolea na hafifu kwenye uwanja mmoja wanaiita abrashi, sio kasoro, usikubali kupunguziwa bei kwa hiyo.

La zamani lazima liwe ghali?
Hapana jamani. Kuna la Kirman, Iran, la karne ya 17 liliuzwa mnadani New York 2013 kwa dola milioni 33.7, halikufika hata mita 3 urefu, ila hapo ni uadimu, mchoro na rangi vimekutana. La kwako likunje kona taratibu karibu na sikio, ukisikia ta-ta-ta acha hapohapo, pamba ya ndani imeoza, mara nyingi ni maji ya chungu cha maua.

Nondo wamekula kona, nikate?
Usikate! Mpelekee fundi wa mazulia afunge mafundo upya, ukishakata umeharibu mpaka wa mchoro na bei imeondoka nao.