Wadogo zangu wa mapambo ya kanji, gliserini mnaitia nyingi na haraka mnayo

Jumamosi nimeingia karakana saa saba mchana nakuta trei sita zimeanikwa juani, jua la Tanga mnalijua, nusu ya ngozi, yaani ule uji wa kanji uliokauka ukawa utando tunaokatia mapambo ya dirisha, zimejikunja kama majani makavu ya mgomba na nusu nyingine zinanata mpaka kidole kinaacha alama. Nauliza nani kaanika, kimya. Nikashika kasa mmoja wa kijani, mzuri kweli kwa kumtazama, akapasuka mkononi. Sasa trei sita, makosa mawili tofauti kabisa, siku moja, na nyote mlishaambiwa! Nawapenda na mnalijua hilo, ila imeniuma, kwahiyo nimekaa naandika na someni wote hata nyie mnaojiona mmeshaiva.

1. Kanji ni kanji, unga ni unga. Ule unga wa muhogo wa ugali una nyuzi, ukiupika ngozi inatoka na ukungu ndani yake na mwanga haupiti, sasa pambo la dirisha lisilopitisha mwanga la kazi gani. Muhogo ukune, ukamue kwenye kitambaa, acha maji yatulie, mwaga, ile nyeupe iliyolala chini ndio tunaitaka. Konflawa ya dukani nayo sawa. Mi kanji nimeijua kwa mama, alikuwa anatilia sare zetu za shule, kola inasimama kutwa nzima, na kwakweli nikipika uji huu mpaka leo ile harufu inanirudisha uani kwetu.

2. Koroga ikiwa baridi ndo uwashe moto. Kipimo mnacho: kanji kijiko 1 cha chakula, maji vijiko 4, siki kijiko 1 cha chai, gliserini kijiko 1 cha chai. Moto mdogo, mwiko usisimame, ikiacha weupe wa maziwa ikawa mlenda unaopitisha mwanga, zima. Na msiniachie siki eti inanuka, siki ndio inayokatakata zile chembe za kanji zenye matawi matawi ngozi ikatoka laini na moja.

3. Gliserini. Hapa nitakaa.

Gliserini inaingia katikati ya chembe za kanji zikawa zinateleza badala ya kukakamaa, ndio maana ngozi inakunjika. Ila si mnaijua ile ya kupaka mwilini, kazi yake ni kuvuta maji kutoka hewani. Haijui kama iko kwenye mkono wako au kwenye dirisha la mteja.

Mwaka naanza kupata oda za maana nilipata shule moja ya chekechea huku huku pwani, madirisha 12, wanataka samaki, pweza, kasa na ngalawa, na mwalimu mkuu aliniambia wazi kwamba wamenichagua mimi kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na wanataka watoto waone kuna kitu kingine kinachokaa kama plastiki halafu kinarudi udongoni. Nilifurahi mno. Nikaanza majaribio Januari, kaskazi, joto na upepo, ngozi zikawa zinapasuka pasuka, nami badala ya kujiuliza nimeanika wapi nikaongeza gliserini, vijiko viwili, halafu vitatu. Ikatoka ngozi laini kama sikio la mtoto, unaikunja inarudi, rangi imetulia. Nikaiweka usiku mmoja chumbani chini ya feni, asubuhi nikasema imepita. Usiku mmoja! Chini ya feni!

Nimebandika katikati ya Aprili. Masika. Siku ya tatu mwalimu ananipigia, ananiambia dada njoo, watoto wanasema samaki wako wanalia. Nikaenda. Kweli, kila samaki ana matone, maji yanachuruzika mpaka kwenye fremu za alumini, chini sisimizi wamepanga mstari kwasababu kwao kile ni chakula, na kwenye kona za pweza ukungu wa vidoti vyeusi umeshaanza. Mpaka hapo lilikuwa kosa la kazi tu, na makosa ya kazi yanasameheka, ningemwambia mwalimu nimekosea kipimo nipe wiki mbili, angenipa, alikuwa mama mtu mwema.

Sikumwambia. Nilibandua zote nikaenda nazo nyumbani, nikazifuta na siki, nikazikausha siku nne, halafu nikaenda dukani nikanunua vanishi ya mbao nikazipaka pande zote mbili. Ziling'aa kuliko mwanzo. Nikazirudisha, mwalimu kashika moja kageuza geuza, kaniuliza, lakini bado zinaoza? Nikamjibu ndiyo mwalimu, zinaoza. Nakumbuka alikuwa amesimama wapi na kavaa kitenge gani.

Desemba wanafunga shule, watoto wakatoa mapambo yote wakachimba shimo chini ya mwembe wakayazika, ndio lilikuwa somo lenyewe. Machi mwalimu akanialika nije tufukue pamoja. Nilikwenda najua tutakuta nini, na bado nilikwenda, sijui nilikuwa naomba nini. Wamefukua. Kanji yote ilikuwa imeshaliwa na udongo, iliyobaki ni ngozi za vanishi, nyembamba, zina umbo la samaki kamili na mapezi yake. Mtoto mmoja kaokota, kakung'uta mchanga, akaniletea mimi mkononi, akasema dada huyu bado yupo.

Nikamwambia mwalimu pale pale, mbele ya watoto, yote, vanishi na uongo. Pesa nilirudisha kwa awamu tatu. Zile ngozi nilizikusanya moja moja kwenye ndoo, na ndio zile zilizo kwenye chupa juu ya kabati karakana, mliokuwa mnauliza ni nini.

Kwahiyo mtu akiniambia da, tupake vanishi kidogo tu isivute unyevu, jibu langu ni hapana, na sitabadilisha. Mwezi wa masika punguza gliserini mpaka nusu kijiko, kaskazi rudi kwenye kijiko kimoja, na mteja mwambie mapema kabisa kwamba kitu hiki kina umri wake.

4. Anika kivulini penye upepo, siku mbili mpaka nne, juu ya plastiki laini iliyokwishatumika, mfuniko wa ndoo unatosha. Juani juu inakauka kabla ya chini ndo inajikunja. Mapovu toboa na sindano uji ukiwa bado wa moto, gonga trei mezani kidogo, basi.

5. Rangi. Rosela ukiichanganya na siki inawaka nyekundu ile ya kupendeza, ukiitia magadi inakwenda kwenye bluu na kijani, chezeni nayo. Binzari ya manjano ni nzuri siku ya kwanza tu, jua linaila, usiiweke dirisha la magharibi afu mteja akakulaumu. Nilipopita Mji Mkongwe Unguja nikaona vile vioo vya rangi juu ya milango ya zamani nilisimama mpaka mwenye nyumba akatoka kuniuliza natafuta nani. Mwanga ule ukianguka sakafuni, nyekundu na bluu, ndio ninaoutafuta kwenye hizi trei mpaka leo. Kioo hakipauki, sisi tunapauka, sawa, lakini jioni moja tu dirisha letu likipigwa na jua la saa kumi na moja mtanielewa.

6. Usibandike kwenye kioo mwezi wa mvua. Tundika kwa uzi wa katani, acha nafasi ya kidole kati ya pambo na kioo hewa ipite. Na ni ndani, siyo nje.

7. Jelatini inang'aa kuliko kanji, hilo kweli, ila ulizia imetoka kwa mnyama gani kabla hujaipeleka nyumba ya watu mwezi wa Ramadhani. Ukiwa na wasiwasi tumia chaina grasi, inatoka kwenye mwani, ichemke sawasawa, na ukiharibu unaikatakata unachemsha upya.

Zile trei sita nimezilowesha kwenye ndoo, zimeshaingia shimo la mboji nyuma kwa mipilipili, hakuna kilichopotea. Sasa kila mtu apike ngozi moja mpya, akate kipande cha ukubwa wa kiganja, akitundike dirisha la jikoni kwao penye mvuke wa sufuria, siku saba, siyo usiku mmoja. Aandike mvua imenyesha siku gani na kipande kilikuwaje kila asubuhi. Jumamosi ijayo mniletee, na kama kimelia njoo nacho hivyo hivyo kinalia.